Fedha ya Halmashauri Haina Kura

Maneno yaliyosemwa na mwalimu kijana, mwenezi wa chama, mbele ya wananchi wa Malolo, Wilaya ya Kilosa



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja, nami sitatoka nje yake. Wananchi wakiitwa kupiga kura ya Ndiyo au Hapana juu ya neno kubwa la nchi, je, Halmashauri yaweza kutoa fedha ya watu wote kuusaidia upande mmoja ushinde? Jibu langu ni kwamba haifai, na sababu zake nitazieleza.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wanachama wa chama wakichagua mgombea wao, watu husema wamepiga kura ya maoni. Siyo hiyo ninayoisema. Nasema ile ya wananchi wote, wenye chama na wasio na chama. Ndugu zetu wa Zanzibar waliipiga tarehe 31 Julai 2010, wakakubali kwa asilimia 66.4 kuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nchi nzima tulitangaziwa tarehe 30 Aprili 2015, tuseme Ndiyo au Hapana juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum la Katiba mwezi Oktoba 2014. Tume ya Uchaguzi ikaiahirisha, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakwisha. Huenda siku moja tukaitwa tena, kwa jambo hilo au jingine. Yafaa tujue mapema mpaka uko wapi, maana wakati wa ugomvi kila mtu huuona mpaka pale anapopapenda.

Sasa, fedha ya Halmashauri yatoka wapi? Sehemu yake yatoka hapa hapa. Shehena ya kitunguu ikipita kizuizini hutozwa ushuru. Mpunga uliolimwa kwa maji ya mfereji wa Mwega hutozwa vile vile. Mama anayeuza gulioni hulipa. Mkusanya ushuru akikata stakabadhi haulizi, "Wewe ni wa Ndiyo au wa Hapana?" Achukua kwa wote sawa sawa, kwa ajili ya zahanati, shule na barabara. Basi fedha hiyo ikichapa mabango ya Ndiyo, mtu wa Hapana atakuwa amelipia kushindwa kwake mwenyewe. Ikichapa mabango ya Hapana, dhuluma ni ile ile, imegeuzwa upande tu.

Mtu atauliza: hilo ni wazo lako, au liko katika sheria? Nitamjibu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yataka Halmashauri itumie fedha kwa makisio yaliyopitishwa, siyo kwa matakwa ya mkubwa wa siku ile. Katiba yetu, ibara ya 143, yampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kazi ya kukagua hesabu. Ibara ya 27 yampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma, na kila mtu maana yake ni mimi na wewe. Kwa hiyo lita moja ya mafuta ya gari la Halmashauri hapana budi iwe na fungu lake. Tukiuliza fungu hilo, hatumvunjii mtu heshima. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifikisha jambo hili mahakamani. Huko Ayalandi, mwaka 1995, wananchi waliulizwa kama talaka iruhusiwe. Serikali ilitenga pauni 500,000 za umma kuwahimiza waseme Ndiyo. Bibi mmoja mwanasiasa, Patricia McKenna, akaenda kushitaki. Wiki moja kabla ya kura, Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikatamka kwamba Serikali imevunja Katiba, kwa kuwa si haki fedha ya wote kupigania upande mmoja. Kura ikapigwa, Ndiyo ikashinda kwa tofauti isiyofika kura 10,000. Fikirini wenyewe: katika ushindani wa karibu namna hiyo, mkoba wa Serikali ukiegemea upande mmoja, nani angejua wananchi walitaka nini hasa?

Huko California, Marekani, wananchi waliulizwa mwaka 1974 kama jimbo likope fedha kwa ajili ya mbuga. Ninyi majirani wa Mbuga ya Mikumi mwajua kwamba hilo si jambo baya. Lakini idara ya mbuga yenyewe ilitumia zaidi ya dola 5,000 za umma, na mlipa kodi mmoja akamshitaki mkurugenzi wake. Mwaka 1976 mahakama ikaweka mpaka: idara yaweza kutoa maelezo ya haki, haiwezi kufanya kampeni kwa fedha ya umma bila ruhusa ya sheria iliyo wazi.

Tuje kwa jirani zetu. Mwaka 2014 magavana wa kaunti za Kenya walianza harakati waliyoiita Pesa Mashinani. Walitaka kura ya maoni ili kaunti zipewe fungu kubwa zaidi la mapato ya nchi. Ndugu zangu, nani kati yetu angekataa Kilosa iongezewe fedha? Hapo ndipo mtihani ulipo. Jambo likiwa baya, kila mtu huona ubaya wa kulitumilia fedha ya umma. Likiwa jema, sote twafumba macho. Lakini wema wa jambo ndio hasa wananchi walioitwa kuuamua. Mkuu akiisha kuuamua ofisini na kuulipia, sisi twaitwa kufanya nini? Wakenya wameandika katika Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 kwamba mali ya umma isitumiwe katika kampeni, ya uchaguzi wala ya kura ya maoni. Hilo ni neno la kuigwa.

Sisemi Halmashauri inyamaze kama bubu. Yafaa ituambie siku ya kura, kituo kiko wapi, swali linasemaje, na wa Ndiyo wanasema nini na wa Hapana wanasema nini, pande zote kwa kipimo kimoja. Diwani naye ni raia. Akitaka kutoa maoni yake, ayatoe waziwazi, kwa kinywa chake na nauli yake. Asichukue gari la wagonjwa kubebea vipaza sauti. Mtendaji asiwaamuru walimu wapeleke watoto wa shule wakaimbe nyimbo za upande mmoja. Ukumbi wa kata ukifunguliwa kwa hawa leo, kesho ufunguliwe kwa wale.

Najua kuna wenzangu katika chama wasiofurahi kunisikia. Wataniuliza, "Mwenezi, gari la Halmashauri likiwa upande wetu, wewe wakasirika nini? Malolo ni mbali, mafuta ni ghali, na sisi hatuna kitu." Nawajibu mbele yenu. Chama chetu kikiwa na neno la kweli, tutakuja kwa basi, kwa baiskeli, hata kwa miguu, tulieleze. Tukilieleza kwa mafuta ya zahanati, mgonjwa wa Malolo ndiye aliyetulipia safari. Tena viti hivi vyabadilika. Leo ufunguo uko kwa mtu wako, kesho uko kwa mpinzani wako, naye atafuata njia ile ile uliyomfundisha.

Basi, tufanye nini? Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wenu, na hesabu za kijiji husomwa hapo. Msiuache mkutano huo kwa kusema una maneno mengi. Hudhurieni. Mkiona bango, ulizeni limechapwa kwa fedha ya nani. Mkiona gari, ulizeni limejazwa mafuta kwa fungu gani. Mkiona karatasi ya maelezo, someni kama pande zote mbili zimo. Ulizeni kwa adabu, jibu liandikwe katika muhtasari, na diwani alipeleke swali Kilosa kama jibu halikupatikana hapa.

Na siku ya kura ikifika, wa Ndiyo na wa Hapana tuingie kituoni kila mtu na shauri lake, na tutoke tukiwa majirani wa mfereji mmoja. Atakayeshindwa aweze kusema: nimeshindwa na wenzangu, sikushindwa na ushuru wangu.