Mwendo wa Wazee Wetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Kamati ilinitaka niseme habari ya afya ya wazee, nami si daktari. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kupima, kuhesabu na kutia daftarini. Basi nimechagua jambo moja la afya ambalo karani aweza kulishika barabara pasipo dawa wala mitambo, nalo ni kasi ya mzee anapotembea kwa kawaida yake.

Madaktari wengi sasa huitazama kasi hiyo kama watazamavyo mapigo ya moyo na joto la mwili. Sababu ni wazi, maana mguu hauendi peke yake. Ili hatua moja itimie, sharti moyo usukume damu, mapafu yavute hewa, misuli ikaze, viungo vikunjuke, macho yaone njia, nao ubongo uviamuru vyote kwa wakati mmoja. Kimoja kikilegea, mwendo hupungua. Mtu aweza kujibu "Sijambo" huku ana homa kali (nasi hatuna jibu jingine la salamu), walakini miguu yake haijui adabu hiyo.

Mwaka 2011 Stephanie Studenski wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya hesabu za uchunguzi 9 uliohusu watu 34,485 wenye miaka 65 na zaidi. Waliona ya kuwa kila kasi ilipozidi kwa sehemu moja ya kumi ya mita kwa sekunde, hatari ya kufa ilikuwa ndogo kwa kadiri ya 12 katika 100. Waliokwenda mita 0.8 kwa sekunde waliishi kadiri ya wenzao wa umri ule. Waliofikia mita 1 au kuipita, walielekea kuishi zaidi. Lakini tusikosee: mwendo ni dalili tu. Kumhimiza mzee aharakishe hakumwongezei siku hata moja, tena kwaweza kumwangusha.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana jambo hili latuhusu sana. Kwa desturi yetu kijana hampiti mzee njiani. Humpokea mzigo, hupunguza hatua, hufuata nyuma. Ni adabu njema, wala sitaki iachwe. Lakini ndiyo itufumbayo macho. Mzee akipunguza kidogo, nasi twapunguza kidogo. Mwakani akipunguza tena, nasi tena. Wala hapana atambuaye kwamba njia ya msikitini au kanisani, iliyokuwa ya dakika kumi, sasa yachukua robo saa na zaidi. Siku ya kutambua huwa ni siku aliyoanguka. Tukiulizwa, twajibu, "Ni uzee tu." Mimi naliona jibu hilo kuwa la uvivu. Nyuma yake pengine upo moyo uliochoka, au upungufu wa damu, goti liumalo, mtoto wa jicho, dawa ya shinikizo la damu iliyozidi kipimo, au chakula kisichotosha. Na mengi katika hayo yana tiba.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Pima mita 4 mahali palipo sawa, utie alama mbili za chaki. Mzee aanze hatua chache kabla ya alama ya kwanza, aipite ya pili bila kusita, kwa mwendo wake wa kwenda dukani. Avae viatu vyake vya kila siku. Kama ana bakora, aitumie. Saa ihesabu baina ya alama na alama. Sekunde 5 ndizo mita 0.8 kwa sekunde; zikizidi hapo, aonwe na daktari. Andika tarehe, urudie baada ya miezi sita. Kasi ikiwa imepungua kwa mita 0.1 kwa sekunde, hata kama bado ni nzuri, ni jambo la kuuliziwa.

Je, miguu yaweza kusaidiwa? Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2014 ilitolewa habari ya wazee 1,635 wa Marekani, wa miaka 70 hadi 89, waliokuwa watu wa kukaa tu. Kundi moja lilizoezwa kutembea na kutia nguvu miguu. Kundi la pili lilipewa mafundisho ya afya. Kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi, walioshindwa kwenda mita 400 walikuwa 30 katika 100 kwa kundi la kwanza, na zaidi ya 35 kwa la pili. Tofauti hiyo si ya kupigiwa ngoma, lakini wale watano ni watu waendao sokoni kwa miguu yao wenyewe.

Nimekwisha kutia alama za chaki barazani, na Bwana Katibu ameniazima saa yake. Wazee wetu waliostaafu, wakipenda, watatangulia, nasi tutaandika.