Makadirio Yakae Mahali Pamoja

Mwaka 2012 benki ya JPMorgan Chase ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara zilizoendeshwa na ofisi yake ya London. Lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kompyuta, peke yake haikuleta hasara hiyo. Hata hivyo, ripoti ya benki yenyewe, iliyotolewa Januari 2013, ilieleza kwamba hesabu za kupima hatari zilipitia majedwali ya Excel yaliyojazwa kwa kunakili na kubandika kwa mkono, na kwamba fomula moja iligawanya kwa jumla ya namba mbili badala ya wastani wake. Hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa.

Makosa ya lahajedwali hustawi pia pale namba zinapofichwa ndani ya fomula. Ukiandika bei ya gunia la unga, kodi ya pango na riba ya mkopo katika ukurasa mmoja wa makadirio, kila hesabu ikazirejelea huko, bei ikipanda utabadilisha seli moja tu, na jedwali hilohilo litakufaa mwakani. Wapo watakaosema duka dogo halihitaji urasimu huu. Kwa bajeti ya mara moja, ni kweli. Kalamu na daftari vinatosha, na pengine ni salama zaidi. Lakini mpango wa kuombea mkopo utafunguliwa tena na mtu ambaye hakuwepo ulipotengenezwa, naye hatakuwa na wa kumuuliza kama ile 0.18 katikati ya fomula ni kodi ya ongezeko la thamani au ni faida.