Kahawa Isipotee Jina Ziwani
Maneno yaliyosemwa Bweremana mbele ya wachimbaji na wakaaji



Tumekuja kusema juu ya jambo moja. Mtu wa nchi hii anapouza mali yake katika nchi za nje, serikali imsaidie namna gani? Wengine watasema hilo ni shauri la kompani kubwa na la matajiri wa Kinshasa. Sivyo. Mama mwenye miti 200 ya kahawa juu ya kilima anauza nje. Mchimbaji anayetoa koltani Rubaya anauza nje. Kahawa yetu hatuinywi sisi yote, na koltani hatuili. Vyote vinavuka mpaka. Basi tuulize: vinavuka kwa jina la nani, na faida inabaki kwa nani?

Tuanze na kahawa, maana ziwa hili ni shahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Baada ya mwaka wa 2010 zilikuwa zimeshuka karibu na tani 10,000. Mambo mengi yaliiangusha kahawa. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wenyeji. Wakubwa wakajigawia, nao hawakuijua kazi, na mashamba mengi yakageuka pori. Mwaka wa 1989 yalivunjika mapatano ya mataifa yaliyoshikilia bei ya kahawa. Ugonjwa ukanyausha miti ya robusta katika sehemu nyingine za nchi. Halafu vita ikaja. Lakini pande zetu miti haikufa yote. Kahawa ilikuwepo. Ilipotelea njiani.

Ninyi mnajua ilipotelea wapi. Usiku watu walipakia magunia katika mitumbwi, wakavuka Ziwa Kivu kwenda Rwanda. Ng'ambo bei ilikuwa nzuri kuliko huku, na malipo yalikuwa mkononi. Upepo ulipoinuka, mtumbwi uliojaa ukapinduka. Wengi hawakurudi, na wajane wao wangali kando ya ziwa hili. Kahawa iliyofika salama ilichanganywa na ya wengine, ikaenda Ulaya pasipo mtu kutaja Kivu.

Je, watu wale walikuwa wezi? Sisi hatusemi hivyo. Mtu huikimbia njia ya mchana kwa kuwa imejaa mikono. Sikilizeni sheria. Dekreti namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002 yasema kwamba mpakani zifanye kazi huduma nne tu: duane, ofisi ya OCC inayopima bidhaa, uhamiaji, na usafi wa afya. Nne! Kila aliyewahi kupeleka mzigo ahesabu mwenyewe meza alizosimama mbele yake. Kila meza ina muhuri, na kila muhuri una bei.

Na anayelipa ni nani? Si mnunuzi wa London, kwa kuwa bei ya arabika hutazamwa katika soko la New York, naye hataongeza hata senti kwa ajili ya mihuri yetu. Kompani nayo hailipi: inapunguza bei inayompa mkulima. Basi kila franka inayobaki mezani imetoka katika kikapu cha yule mama mwenye miti 200.

Kwa hiyo msaada wa kwanza hauombi fedha yoyote katika hazina. Serikali ishike sheria yake yenyewe. Huduma nne, bei zibandikwe ukutani, na risiti kwa kila anayelipa.

Msaada wa pili ni mkopo. Kooperative inanunua kahawa mbivu leo kwa fedha taslimu. Mnunuzi wa ng'ambo analipa baadaye, kahawa ikiisha kuoshwa, kukaushwa, kukobolewa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,500 mpaka bandari ya Mombasa. Hiyo ni miezi. Mkulima hawezi kungoja miezi na mtoto amefukuzwa shule. Kama kooperative haina fedha, atamwuzia mwenye mtumbwi. Katika nchi nyingine serikali huiambia benki: mpe huyu anayeuza nje; asipolipa, sehemu ya deni ni juu yetu. Twataka dhamana kama hiyo iwafikie wadogo, isiishie kwa wakubwa.

Msaada wa tatu ni ubora. Tazameni jirani. Mwaka wa 2000 Rwanda ilikuwa na vituo viwili tu vya kuoshea kahawa. Miaka 15 baadaye vilikuwa vimepita 200. Mwaka wa 2008 mashindano makubwa ya kuonja kahawa yaitwayo Cup of Excellence yalifanyika kwao kwa mara ya kwanza katika Afrika. Mvua yao ni mvua yetu, na udongo wa volkano ni ule ule. Hatuwaonei wivu. Twasema tu kwamba serikali yao ilikaa nyuma ya mkulima wao.

Hata huku watu wamejaribu. Hapa jirani, Minova, kooperative SOPACDI ilianzishwa mwaka wa 2003. Wakulima wa makabila mbalimbali waliingia, na wajane wa ziwa wakaingia pia. Ilijenga kituo chake cha kuoshea, ikauza nje kwa jina la Kivu, na wanachama wake wakapita 5,000. Lakini nguvu nyingi za kuiinua zilitoka kwa wanunuzi na wafadhili wa kigeni. Sisi tuna ONAPAC ya mazao na ANAPEX ya kusukuma mbele mauzo ya nje. Hizo ndizo zinazopaswa kufika kilimani. Zianze na kazi hii: sheria ya Ulaya ya mwaka wa 2023 yadai kahawa ijulikane imetoka shamba gani, ili isiwe imekata msitu. Kuanza kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini ikianza, nani atampimia mama shamba lake? Asipopimiwa, mlango wa Ulaya utafungwa mbele yake.

Wandugu wachimbaji, msidhani tumewasahau. Septemba 2010 serikali ilifunga machimbo yote ya Kivu mbili na Maniema, ikasema inawafukuza wenye bunduki. Iliyafungua Machi 2011. Miezi ile ninyi ndio mliolala njaa. Na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba, tangu M23 walipoiteka Rubaya Aprili 2024, angalau tani 150 za koltani zilivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na mawe ya huko. Ni mambo yale yale ya kahawa: jasho ni lenu, jina ni la mwingine.

Watu watasema: ngojeni amani kwanza. Kweli, Januari 2025 Minova na Goma zilipotekwa, benki za Goma zilifunga milango, na fedha za kununulia zikakosekana. Amani ni lazima. Lakini kahawa haiwezi kungoja mkutano, ikiiva, inaanguka.

Nasi tuna wajibu. Tusichanganye mbivu na mbichi. Tusitie mawe ili kuongeza uzito. Tuchague viongozi wa kooperative wanaofungua daftari mbele ya watu wote.

Tena twawaomba kazi moja tangu leo. Kila anayepeleka mzigo, wa kahawa au wa mawe, aandike: siku gani, mahali gani, huduma gani, franka ngapi, na kama alipewa risiti. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule. Msiandike jina lenu. Tuleteeni karatasi hizo. Tutazihesabu, tuzichape katika gazeti hili, na kuziweka kando ya dekreti ya 2002, wakubwa wasome wenyewe nne zimekuwa ngapi.

Uhuru na kazi!