Askari Asiye na Kaburi



Apitaye njia ya Bagamoyo, upande wa Kinondoni, huyaona makaburi ya askari waliokufa vitani, yamepangwa safu safu. Mengi yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka Ocean Road. Maiti mwenye kaburi, jamaa zake wana mahali pa kusimama na kumwombea. Leo napenda kunena habari za askari wa shamba asiye na mahali hapo.

Katika Vita Kuu ya Pili vijana wengi wa Afrika ya Mashariki waliweka majembe chini, wakafundishwa kazi ya askari. Mwezi wa Februari 1944, kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki kilipanda meli Khedive Ismail huko Mombasa, kwenda Colombo, katika nchi iitwayo leo Sri Lanka. Melini walikuwamo watu 1,511, pamoja na wanawake wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa topedo mbili. Meli ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa walikuwa 1,297.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini hawa hawakurejea, na ngama yenyewe i chini ya bahari. Basi mama wa askari huyo hakupata kaburi la kufyekea nyasi.

Tena, mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu mengi ya askari na wapagazi wa Kiafrika, hasa wa Vita Kuu ya Kwanza, hawakuandikwa majina yao kama walivyoandikwa wenzao wa Ulaya.

Ndugu zangu, bahari hatuwezi kuichimba, lakini kalamu tunayo. Yatupasa kuwauliza wazee wetu Temeke, Kinondoni na vijijini: Nani katika ukoo huu alikwenda vitani asirudi? Mwalimu na afungue daftari shuleni, aandike jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, na mwaka alioondoka. Mzee mmoja akifa kabla ya kuulizwa, askari yule amekufa mara ya pili, na safari hii ni kwa uvivu wetu.