Vibarua Waliokataa Kukata Miti
(Hotuba kwa wanachama)



Wengi wetu hudhani kulinda miti ni kazi ya Serikali na askari wa msitu. Nataka kuwapa habari za vibarua wa ujenzi wa Sydney, Australia, ambao walilinda miti kwa silaha ile ile tunayodaia mishahara, yaani kukataa kazi.

Mwaka 1971 kampuni moja ilitaka kujenga nyumba Kelly's Bush, kipande cha msitu kilichobaki kando ya mto Parramatta. Akina mama 13 wa mtaa ule waliwaandikia wakubwa wote, wasisikilizwe. Ndipo wakabisha hodi kwa chama cha vibarua, ambacho katibu wake katika jimbo la New South Wales alikuwa Jack Mundey. Mama hawa walitoka mtaa wa wenye nacho, wala hawakuwa na mazoea na vyama vyetu. Chama kikawaambia waite kwanza mkutano wa watu wote wa mtaa. Mamia wakaja, wakakubali, nacho kikapiga marufuku kazi ile.

Kampuni ikasema italeta watu wasio wanachama. Basi vibarua waliokuwa wakijenga jengo lake jingine wakajibu: mti mmoja ukianguka kule, jengo hili litabaki nusu milele. Hakuna tingatinga lililoingia.

Kufikia 1974 marufuku za namna hii zilikuwa zimepita 40. Mikuyu ya Bustani ya Mimea ilipona mwaka 1972, ingawa ilitakiwa ing'olewe kwa ajili ya maegesho ya magari. Wapangaji wa The Rocks, mtaa wa zamani karibu na bandari, hawakufukuzwa wote.

Mtu atauliza, kibarua akikataa kazi, watoto watakula nini? Swali ni la haki. Wale walisema wako tayari kujenga shule, hospitali na nyumba za watu wa kawaida, bali si kila atakacho tajiri. Tena, tusidanganyane, miaka ile majengo yalikuwa mengi na kazi tele. Ujenzi ulipopungua mwaka 1974 msimamo ule ukawa mzito kuubeba. Mwaka 1975 makao makuu ya chama yalilichukua tawi lile kwa nguvu, Mundey na wenzake wakafukuzwa uanachama.

Kelly's Bush ilinunuliwa na Serikali ya jimbo mwaka 1983, ikawa mali ya umma. Miti ingalipo.