Juu ya Nyumba za Kupangisha
(Maneno ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi, Nyakahura)



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo siku hizi huzungumzwa penye mizani kuliko hata bei ya mazao yenyewe, nalo ni kujenga nyumba ili zipangishwe. Wapo wanachama waliokwisha kuchimba misingi. Tena wapo waliotuletea maombi kwamba akiba ya chama itolewe, ijenge safu ya fremu za maduka kando ya barabara kuu iendayo Rusumo. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa hesabu, wala tusilitazame kwa kuhesabu malori yapitayo.

Kwanza tuondoe aibu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na kwamba mwezi Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwa hiyo wako hata leo wanaoona kuwa mwenye wapangaji ni mnyonyaji. Lakini sharti lile lilimhusu kiongozi. Halikumhusu mkulima mwenye vyumba vinne. Nalo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwalimu ageni na muuguzi aliyehamishiwa kwetu wanahitaji mahali pa kulala, na anayewapa chumba kisichovuja anafanya kazi ya halali.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano tu, wala mtu asiuchukue kuwa ndiyo bei ya soko. Ndugu mmoja anajenga nyumba ya vyumba sita kwa shilingi 18,000,000. Kila chumba anakipangisha kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima angepata 1,440,000. Lakini vyumba havijai mwaka mzima, mpangaji mmoja huhama na mwingine hukawia kulipa. Tutoe miezi miwili, zabaki 1,200,000. Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 10, yaani 120,000. Matengenezo ya bati, milango na choo, tuseme 150,000. Kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa katika mita ya umeme, ni 18,000 kwa mwaka kwa kiwango cha 1,500 kwa mwezi. Zabaki 912,000. Ndugu huyu atairudisha fedha yake baada ya miaka karibu 20.

Msivunjike moyo kwa hesabu hiyo. Mkahawa nao haukuzaa mwaka ule ulipopandwa. Nyumba haili majani wala haingoji mvua, na baada ya miaka hiyo 20 bado imesimama, na kiwanja chake pengine kimepanda thamani. Lakini yatupasa kufahamu kwamba hii ni mali ya mtu mwenye subira, wala haimfai anayetaka ada ya shule ya mwezi Januari.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa. Ndugu yule yule akikopa zile 18,000,000 kwa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni 3,240,000. Pango lote la nyumba, hata vyumba vikijaa siku zote, halifiki nusu ya riba hiyo. Hasha, nyumba haitamlipia mkopo. Shamba ndilo litakalolipa, na shamba likishindwa, vyote viwili vitakwenda. Ushauri wetu ni kujenga kwa mavuno: msimu huu tofali za kuchoma, msimu ujao msingi na kuta za vyumba viwili, kisha bati. Vyumba viwili vikikaliwa, pango lake lisaidie cha tatu. Anayejenga hivyo huonekana mzembe mbele ya jirani zake, lakini halali akiwaza siku ya marejesho.

Tuseme pia juu ya wapangaji wa ghafla. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Makambi yakafunguliwa Ngara, mashirika yakaja na magari yao, na nyumba zikatafutwa kwa bei ambayo haikupata kusikika huku kwetu. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao, na kambi ya Lukole ya ndugu wa Burundi nayo ikafungwa mwaka 2008. Mashirika yaliondoka na kodi zao za nyumba. Siku hizi twasikia habari za nikeli ya Kabanga, ambayo Serikali ilitia saini mkataba wake mwaka 2021, na wengine wamekwisha kuwahesabu wafanyakazi wa mgodi kuwa wapangaji wao. Huenda wakaja. Bali ajengaye kwetu na amjengee kwanza mwalimu, muuguzi na mnunuzi wa mazao, ambao wapo sasa.

Mambo ya kisheria tutayapitia kwa haraka, kwa kuwa ofisi iko wazi kila siku kwa mwenye swali. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1999. Msinunue kiwanja kwa karatasi ya dalali na mashahidi wawili wa kilabuni. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Mpangaji aandikiwe mkataba, hata akiwa shemeji, na hasa akiwa shemeji. Na hifadhi ya barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Pimeni kwa kamba kabla ya kumwaga zege, maana alama ya X haiangalii uzuri wa rangi.

Hatimaye, ombi la kujenga fremu kwa akiba ya chama. Sisi tulio ofisini hatulipingi wazo lenyewe, kwa kuwa chama chenye pango huwa na fedha hata msimu usio na mavuno. Twapinga safu ya fremu kumi. Akiba hiyo ndiyo inayonunua magunia na kulipa usafiri kabla ya malipo kufika, na ikigeuzwa kuwa saruji, mkulima atalipwa kwa ahadi. Halmashauri yapendekeza fremu mbili tu, kwa ziada ya mwaka huu, katika kiwanja cha ghala ambacho ni chetu tayari, bila mkopo wowote, na baada ya kibali cha Mrajis. Kila mwaka hesabu za pango zisomwe peke yake katika mkutano huu, na fremu ya tatu isizungumzwe mpaka hizo mbili zimekaliwa miaka miwili mfululizo.

Makadirio yamebandikwa mlangoni mwa ghala. Kura zitapigwa baada ya chakula.