Warudio Nyumbani na Chama Chetu
(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano wa Wanachama)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya vijana warudio kutoka mijini. Jambo hili si geni hapa Isongole. Babu zetu wa Undali na Unyakyusa walikwenda Chunya kuchimba dhahabu, wengine wakavuka kufuata shaba katika nchi iitwayo leo Zambia, na wengine wakaandikwa na Wenela wakafika Afrika ya Kusini. Baada ya Uhuru wa 1961 Serikali ya Tanganyika iliifunga njia hiyo ya Wenela. Wachache waliporudi walifungua maduka. Fedha nyingi iliishia katika ng'ombe wa mahari, wala hatuwalaumu, maana sisi ni wajukuu wa mahari hizo.

Warudio leo hutoka Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam. Huyu huja na mashine ya kusaga, yule na bodaboda, mwingine hufungua duka la pembejeo. Lami ya kutoka Mpemba imetufikia, na ng'ambo ya mto Songwe ndiyo Malawi. Twawakaribisha.

Lakini wako ambao biashara yao ya kwanza ni kununua kahawa ya jirani ingali mbichi mtini. Januari, sare na madaftari ya shule yanapombana mzazi, hupewa fedha kidogo. Mavuno yakifika, kahawa si yake tena. Mwenye shida hapangi bei.

Wengine wameshauri vijana hao wapigwe marufuku. Sisi twaona hivyo sivyo. Chama hulipa kahawa ikisha kuuzwa mnadani, na mtoto hawezi kungojea mnada. Mnunuzi huyo amesimama mahali tulipopaacha wazi.

Kwa hiyo Bodi yaleta shauri la mfuko wa akiba na mikopo. Mwanachama atakopa Januari kwa kadiri ya kahawa aliyoleta misimu mitatu iliyopita, na deni litakatwa katika malipo yake. Vijana wenye akiba na waiweke humo, wapate faida ya halali. Wala mtu asihofu kwamba wenye fedha watakinunua Chama: tangu Rochdale, 1844, wanaushirika hushika desturi ya mtu mmoja kura moja, awe na hisa moja au mia.

Fomu za uanachama ziko kwa karani. Shauri la mfuko litapigiwa kura baada ya chakula.